Firigisi Isiyo na Mwenyewe

Baada ya kumzika mume wangu, nilikaa muda mrefu bila kuchinjiwa kuku. Si kwamba sikuwa nao. Walijaa uani hadi ikawa aibu. Majogoo walipigana mchana kutwa, mitetea walitaga, wakaatamia, wakaangua, na vifaranga wao wakakua, wakaanza kutaga nao. Jirani yangu wa upande wa chini, mwanamke mcheshi ambaye mdomo wake haujui breki, alikuwa akisimama kando ya mpaka wetu na kuniuliza kwa sauti:

"Mwalimu, hizi kuku zako zinangoja kufanya mtihani gani?"

Nilicheka naye, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Ukweli ni kwamba sikujua firigisi ningempa nani.

Kwetu kuku akishachinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Paja lina mtu wake, mgongo una mtu wake, na shingo na miguu wenyewe wanajulikana. Firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwenye boma. Hilo halijadiliwi. Mke anaweza kuwa amesoma hadi chuo kikuu na kufundisha biolojia maisha yake yote, kama mimi, lakini anapopakua anajua imondo inaingia bakuli gani. Mgeni akipewa, ujue mwenye boma mwenyewe ameamua kumheshimu. Wanawake hatuitii mdomoni, na zamani hata huyo kuku mwenyewe hatukuruhusiwa kumla.

Mume wangu hakuwa mtu wa makuu. Alifua nguo zake, alinichotea maji, alilea watoto nikiwa kwenye semina. Lakini kwa firigisi alikuwa chifu. Aliiacha hadi mwisho, akaizungusha kwenye mchuzi kwa kitonge cha obusuma, ugali wetu, akanitazama akijua kabisa kwamba namtazama, kisha akaitia kinywani na kufumba macho. Nilimwambia huo ni uchokozi. Alitafuna polepole, akameza, akasema, "Hata si tamu, mama. Ni heshima tu." Miaka yote ya ndoa yetu alisema hivyo hivyo, nami nilimwamini.

Krismasi ya kwanza bila yeye, kifungua mimba wetu alikuja kutoka Nakuru na mke wake na watoto. Alichinja jogoo, nikapika, nikapakua. Firigisi nikaiweka kwenye bakuli lake, kwa sababu sasa yeye ndiye mwanamume mkubwa wa familia. Aliiona. Kisha akaichota na kijiko, akairudisha kwenye sufuria.

"Hiyo ni ya baba," akasema.

Hakuna aliyekula vizuri baada ya hapo. Wajukuu walitumwa nje kucheza hata kabla hawajashiba. Walipoondoka na gari lao nikabaki kuosha vyombo, niliikuta chini ya sufuria, peke yake, imeganda kwenye mafuta. Niliifukia nyuma ya jikoni, nikasawazisha udongo kwa mguu. Tangu siku hiyo hakuna kuku aliyechinjwa tena kwangu.

Mtu wa mbali anaweza kusema, si ule mboga tu? Nilikula. Nilikula mrenda na kunde na omena mpaka nikachoka. Lakini hapa kwetu huwezi kukaribisha mgeni wa maana ukamwekea mboga mezani. Atakula, atakushukuru, atakuombea, halafu akifika njiani atauliza wenzake kama umeanza kurukwa na akili. Kwa hiyo niliacha kukaribisha wageni. Ushirika wa akina mama wa kanisa letu huzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yangu ilipofika niliandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba mgongo unaniuma. Zamu ilipozunguka ikarudi, mgongo ukauma tena. Nilituma sukari na mkate kwa aliyenipokea zamu, na wenzangu wakajibu kwa vipicha vya mikono ya kuomba na maua. Hakuna aliyekuja kuuangalia huo mgongo, nami nilishukuru, na jioni nilipozima simu niliumia kwamba hawakuja.

Mgongo haukuwa na shida. Mzigo ulikuwa mwingine kabisa.

Siku ya mazishi niliambiwa nijikaze. Kila mtu aliniambia hivyo, kuanzia dada zangu hadi wazee wa kanisa. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa mwenyewe, na mjane wake hakutakiwa kugaragara na kupiga mayowe mbele ya umati kama mtu asiye na tumaini. Nikajikaza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kitambaa kichwani, mikono mapajani, nikasalimiana na nusu ya kaunti. Watu walisifu. "Mwalimu ana imani," walisema. Kumbe nilikuwa nimefunga kitu kifuani na sikujua tena namna ya kukifungua. Wageni walipokwenda, turubai ikashushwa, nilingoja machozi yaje. Hayakuja, hata nilipoyaita.

Basi nikaamua kulipeleka jambo hilo kwa Mungu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa ratiba, nikampangia kipindi. Kila alasiri, baada ya chakula, nilifunga mlango wa mbele, nikaegesha dirisha, nikapiga magoti kando ya kiti cha mume wangu, nikamwomba Bwana anitue mzigo. Yeye mwenyewe aliwaita waliolemewa waje. Mimi nimekuja, niko hapa, nimefika mapema. Sasa nikikumbuka naona haikuwa sala. Nilikuwa mwalimu wa zamu anayengoja mwanafunzi mchelewaji. Nilimpa Mungu kimya ili afanye kazi yake, na nilikuwa mkali kwa yeyote aliyekivunja.

Na walikivunja. Hilo nalo nilipaswa kulijua, kwa maana nimeolewa hapa tangu nikiwa msichana. Mlango wa nyumba ya kwetu hushinda wazi. Mchana ukifungwa na wewe uko ndani, majirani wanajua kitu kimoja tu: umeanguka. Kwa hiyo kadiri nilivyozidi kujifungia ili nikae peke yangu na Mungu, ndivyo watu walivyozidi kunijia. Leo ni muuza ndizi aliyezoea kuniona barazani. Kesho ni yule jirani yangu. Siku moja alizunguka nyumba, akasukuma dirisha kwa mti wa ufagio, akaingiza kichwa chote na kilemba chake.

"Mwalimu! Umeanguka hapo chini?"

"Naomba," nilisema.

"Unaomba nini?"

"Ninaomba Mungu!"

"Ooh." Alifikiri kidogo. "Sasa si ungefungua mlango, ndio tujue uko mzima?"

Nilimfokea. Alirudisha kichwa chake nje taratibu, akalirudisha dirisha jinsi alivyolikuta. Nikarudi kwenye magoti yangu, lakini hasira ilikuwa imeshakaa mahali pote. Siku zilizofuata hakuja tena, wala hakuniuliza habari za mtihani wa kuku. Kimya nilichokuwa nikikitafuta nikakipata chote kwa mara moja. Nilisikia saa ya ukutani, nilisikia kuku wakikwaruza, nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Mungu hakusema neno. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa wiki zile, hata wiki ya mazishi.

Alasiri ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mvua, ile mvua yetu inayokuja ikitokea upande wa msitu, na bati likianza kupiga kelele huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilikuwa nimefunga mlango na kupiga magoti kama kawaida. Mlango ukabishwa. Nikanyamaza. Ukabishwa tena, safari hii kwa kitu kigumu, pole pole, bila haraka wala aibu. Mtu wa nje hakuwa na nia ya kuondoka. Nikainuka nikiwa na maneno makali tayari mdomoni.

Nilipofungua nilimkuta mama mkwe wangu. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, mkono mmoja kwenye fimbo, kichwa kimefunikwa mfuko wa plastiki, na nyuma yake mtu wa bodaboda akikamua shati lake. Sisi sote, kwa kufuata watoto, tunamwita Kukhu, yaani nyanya. Anaishi kule Bukura kwenye nyumba yake mwenyewe, boma moja na mtoto wake wa mwisho, na tangu siku ya mazishi hakuwa amefika kwangu, maana magoti yamemwisha. Kupanda pikipiki kwa umri wake ni jambo ambalo mtoto wake asingeruhusu kama angeambiwa. Hakuambiwa.

"Mulembe," akasalimia.

"Mulembe, Kukhu. Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna mtu amekufa. Wale wa kufa walishakufa." Akaingia, akaangalia chumba, akaangalia kiti cha mwanawe, kisha akaketi kwenye kochi lililo mkabala nacho. "Nimekuja kula ingokho."

Nilidhani sikumsikia vizuri kwa sababu ya bati. Kwanza, mgeni wa kwetu haagizi chakula. Pili, Kukhu hali kuku. Aliolewa wakati ambapo mwanamke akionekana na mfupa wa kuku mkononi ilikuwa kesi ya wazee. Amekamata kuku, amewanyonyoa, amewapika na kuwapakua maisha yake yote, na hata kanisa lilipokuja likasema vyakula vyote ni safi, na sisi wakwe zake tukaanza kula mbele yake, yeye alibaki na mboga zake kwenye kona. Alisema ni mazoea tu.

"Niliskia kuku zako zinazeeka," alisema. "Nikasema kama zinazeeka na mimi nazeeka, tukutane. Lakini fanya haraka. Huyu wa piki anarudi kunichukua kabla giza, mzazi halalangi kwa nyumba ya mtoto wake."

Hapo nilinaswa. Ningeweza kuwapa akina mama wa kanisa habari za mgongo, lakini mama mzazi wa mume wangu hatumiwi mkate na sukari. Nilitoka kwenye mvua nikiwa na viatu vya ndani, nikamfukuza kuku wa kwanza niliyemwona. Akapita chini ya tangi. Nikamfukuza mwingine. Walikuwa wamesahau kabisa kwamba wao ni mboga. Niliteleza, nikaanguka kwa makalio kwenye tope, na jirani yangu, yule niliyemfokea, akatokea upande wa pili wa mpaka na gunia kichwani. Alinitazama nilivyokaa pale. Nikamtazama. Alipita kwenye mwanya wa miti, akamkamata jogoo kwa mkupuo mmoja, akaniwekea mikononi, akarudi kwake.

Nilikuwa sijawahi kuchinja. Kwetu hiyo ni kazi ya wanaume, na mume wangu aliifanya nyuma ya nyumba nisione. Nimesimama mbele ya madarasa nikiwaonyesha wasichana wa watu jinsi ya kupasua chura, lakini jogoo yule alinitisha. Nilimkanyaga mabawa kama nilivyowahi kuona, nikafumba macho, nikafungua upesi kwa kuogopa kujikata, nikamaliza.

Firigisi niliifikia mwisho. Niliikata ubavuni nikaikunjua chini ya bomba. Ilijaa changarawe, vijiwe vidogo vimesuguana hadi vikawa laini, pamoja na kipande cha kioo cha kijani. Nimefundisha somo hilo mara nyingi: kuku hana meno, kwa hiyo humeza mawe, akayabeba, na mawe hayo ndiyo humsagia chakula. Lakini hakuna anayekula firigisi na mawe yake. Nilimimina vijiwe kwenye beseni, nikabandua ule utando wa njano, nikaosha, nikaiona imekuwa nyama tu, safi, nyekundu. Sitaki kuhubiri hapa. Ninasema tu kwamba nilisimama pale na ile nyama mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chakula kilipoiva nilileta maji, Kukhu akanawa, akaombea chakula kwa maneno machache. Nikafunua bakuli lake. Firigisi nilikuwa nimeiweka humo, juu kabisa. Nilifikiri nimepata jibu zuri: mama wa mwenye boma, nani atauliza?

Aliigeuza kwa kidole. "Kwa nini umeweka hii kwangu?"

"Ni yako, Kukhu."

"Imondo ni ya mwenye boma. Mwenye boma ni nani?"

Macho yangu yakaenda kwenye kile kiti, sikuyatuma.

Aliyafuata. Akakitazama kiti yeye naye, kwa muda. Koti la mwanawe lilikuwa bado mgongoni pa kiti, mahali alipoliacha mwenyewe siku alipopelekwa hospitali.

"Huyo hali," alisema. "Niangalie, omwana wanje, mwanangu. Mimi ndiye nilimzaa. Mimi ndiye nilimpa titi, nikamtafunia viazi akiwa hana meno. Kama angekuwa anaskia njaa, mimi ningejua. Hali tena. Ameshiba huko alienda."

Kitu kile nilichokifunga chini ya turubai kilifunguka pale pale, mkono wangu ukiwa kwenye obusuma. Nililia. Sikulia kama mke wa mzee wa kanisa. Nililia kwa sauti, kamasi zikitoka, nikipiga meza, nikimwita mume wangu kwa jina lake la nyumbani ambalo nilikuwa sijalitamka tangu afe. Nilingoja Kukhu aniambie nijikaze. Hakuniambia.

"Lia," alisema. "Mimi nililia yangu nikamaliza. Wewe walikukataza, niliwaona. Lia, mvua inafunika."

Nililia hadi mchuzi ukapoa. Nilipotulia, alikuwa amenisogezea bakuli lake.

"Sasa kula."

"Kukhu, wewe ndiye uliyetaka kuku."

Akafungua kinywa chake chote, akanionyesha. Hakuwa na jino hata moja. "Mchuzi nitakunywa, na hii nyama laini ya mgongo. Lakini hiyo siwezi. Nimepika imondo tangu nikiwa msichana, ya baba yangu, ya bwanangu, ya vijana wangu. Hakuna mwanamke aliniambia iko namna gani. Nikifika kwa Bwana akiniuliza, nitamwambia nini? Kula, uniambie."

Niliichukua kwa vidole. Nilijiona mwizi. Nikaitia kinywani. Ilikuwa ngumu kidogo juu, halafu ikakubali, na utamu wake ukatoka taratibu, wa chumvi na moshi na kitu kingine ambacho kuku mzima hana. Nilifumba macho bila kukusudia. Nilitafuna nikimwona mume wangu kwenye kiti chake, amefumba macho hivi hivi.

"Iko aje?" Kukhu aliuliza. Alikuwa ameinama mbele, fimbo kati ya magoti. "Akiwa kijana nilimuuliza. Akaniambianga, 'Mama, hata si tamu. Ni heshima tu.'"

Nikameza.

"Alikudanganya, Kukhu," nikasema. "Alitudanganya sote wawili. Ni tamu sana."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka na kulia pamoja, nikimkasirikia maiti kwa jambo dogo, nikimpenda kwa jambo hilo hilo, na kwa mara ya kwanza sikuhisi kwamba nimembeba. Kukhu alichovya kidole kwenye mchuzi, akakilamba, akakichovya tena. Alikunywa bakuli lote.

Mvua ilipopungua mtu wa bodaboda akarudi. Tulimfunga Kukhu vizuri kwa leso, nikampa lile koti la kiti, maana kulikuwa na baridi na safari ya Bukura si fupi. Alilivaa, mikono ikamzidi urefu. Nilisimama barabarani nikalitazama koti likienda hadi kwenye kona, likapotea.

Nyumba niliyoirudia ilikuwa ile ile. Nisiseme uongo kwamba upweke uliondoka na pikipiki. Ninaishi nao hadi leo. Jioni tunakula pamoja, na wakati mwingine unakula zaidi yangu. Lakini hauko sawa na mzigo. Mzigo unakutaka ufunge mlango ili usianguke nao. Upweke, ukiuachia mlango wazi, unaweza kukaa nao barazani.

Nimefikiri pia juu ya Bwana, yule niliyekuwa nikimpangia kipindi. Alipokuwa duniani aliishi akikatizwa. Anakwenda kwa mgonjwa mmoja, njiani mwingine anamshika vazi. Anavuka ziwa apumzike, anakuta watu wamefika kabla yake. Sijui kwa nini nilidhani atakuja kwangu kwa kimya, kwa saa niliyoitaja, wakati alikuwa ameshabisha mara nyingi, mara na ndizi, mara na kilemba dirishani, mpaka ikabidi atume mama mzee kwenye mvua.

Kesho yake nilichinja tena. Nilimpelekea jirani yangu paja kwenye bakuli lililofunikwa, nikamwomba msamaha kwa ajili ya dirisha. Alifunua, akanusa, akauliza kama hawa sasa wamefaulu mtihani. Kwenye kikundi cha akina mama niliandika kwamba mgongo umepona, waje kwangu, waje wote.

Alasiri nilipiga magoti mahali pangu. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi hadi ukutani, na kuku mmoja alikuwa tayari ameingia anakwaruza chini ya kiti. Sikuwa nimefika mbali nilipoona kivuli kizingitini na kusikia mtu akipangusa tope miguuni. Sikujua ni nani, na sikugeuka kuangalia. Nikasema "Karibu" kabla sijasema "Amina."